Nguo Tatu Zisizo na Pindo

Njombe, Bweni la Wakunga
8 Juni 1954

Babu mume wangu,

Shikamoo. Mpe shikamoo na mke mwenzangu Bibi Mwanne, mwambie sijamsahau, ila mdomo umeganda.

Nimefika. Gari la moshi mpaka Dodoma, kisha basi la kampuni ya reli siku mbili, na kila kilima basi lilichokipanda mimi niliongeza kanga. Sasa zimekwisha. Ninazo nne na zote nimejifunga, bado meno yanagongana mpaka Imakulata, mwenzangu wa chumbani, anasema usiku huota watu wanatwanga. Imakulata ni Mkristo wa kwetu, wa Goweko. Tulidhani kwa kuwa wawili wa Tabora tutapashana joto. Tunapashana baridi.

Babu, huku asubuhi majani yana unga mweupe. Mimi nikadhani mtu kamwaga chumvi. Nikaokota, nikaonja. Ni umande ulioganda! Wenyeji wakanicheka, wakasema hiyo ndiyo sakitu, na bado, ngoja Julai.

Matroni wetu ni mwema lakini hataki sweta wodini. Anasema sufu hubeba uchafu kwa watoto wachanga. Gauni jeupe la mikono mifupi, aproni, kofia, basi. Cha juu ya gauni ni marufuku; cha chini ya gauni hakichunguliwi, lakini gauni lenyewe limebana, vifungo havina huruma.

Juzi nilipewa mtoto mchanga nimwoshe. Mama yake aliponigusa vidole akanipokonya mtoto, akasema, “Dada, una mikono ya chura.” Wodi nzima ikacheka. Nikaenda kulia nyuma ya jiko, huko angalau kuna moto.

Mtihani wa kwanza ni tarehe kumi na sita Agosti. Asiyeufanya anarudi kwao, nafasi anapewa mwingine. Nami nakwambia kweli, sitafika Agosti. Mwambie Baba anitafutie nauli. Nitarudi kuuza maandazi.

Mkeo mdogo,
Mwamvita

*

Tabora
17 Juni 1954

Kwako mke wangu mdogo, mwenye mikono ya chura,

Marahaba, na mwangaluka, na salamu nyingine zote ambazo sikumbuki. Sisi wazima. Bibi yako mzima, ulimi wake mzima zaidi.

Barua yako nimeisoma mbele ya duka langu la viatu, nikamsomea na Abbasi anayeuza nguo za kafa ulaya hapo sokoni. Alicheka kuhusu chumvi mpaka akaangusha suruali ya Mzungu. Usinune. Mke asiyechekwa na mumewe anachekwa na jirani, ni hasara.

Sasa nisikilize, maana mimi sikusoma sana. Nilikaa chuoni mpaka Alif Lam Mim nikatoroka, nikakaa shule ya Mjerumani mpaka kiboko cha kwanza nikatoroka tena. Lakini baridi nimeisoma mpaka mwisho. Nimebeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo kabla reli haijazaliwa, na upepo wa Ugogo saa za alfajiri haukuwa na adabu hata kidogo.

Mzungu akisikia baridi huvaa koti moja nene kama gunia la karanga. Likiloa, amekwisha. Sisi wapagazi tulivaa nyembamba tatu. Kwa nini? Kwa sababu kati ya nguo na nguo hukaa hewa, na hewa hiyo ikishapata joto la mwili wako haitaki kutoka tena, kama mgeni aliyeonja kuku. Nguo moja ina hewa ya nani? Inakaa wewe na baridi tu, mnatazamana.

Ya kwanza, inayogusa ngozi, iwe laini na kavu. Uliyoitokea jasho mchana usilale nayo, hata kama unaipenda. Ya pili iwe na nafasi kidogo. Ya tatu ifunike kiuno, maana mwanamke akipata baridi ya kiuno hata akili humtoka. Soksi vaa jozi mbili nyembamba, usivae moja nene ikakubana. Kichwa funga. Na tumbo liwekee karatasi za gazeti katikati ya nguo na nguo. Askari walitufundisha hilo. Usiku ule ule utaniita bwana.

Nakutumia sweta mbili za kafa ulaya alizochagua Abbasi, magazeti ya zamani na matobolwa kutoka kwa Bibi yako. Anasema viazi hivyo ni vyako, usimpe mtu, lakini mimi nakwambia mpe Imakulata.

Kuhusu nauli, Baba yako yuko safarini na gari la mizigo, na mimi nimekuwa kiziwi. Andika tena kwa sauti kubwa.

Mumeo mwenye meno manne, yote mazuri,
Nassibu bin Lugembe

*

Njombe
27 Juni 1954

Babu,

Shikamoo. Matobolwa tumekula na Imakulata siku moja, usimwambie Bibi.

Sweta sivai. Unajua mwenyewe kwa nini zinaitwa kafa ulaya. Mtu kafa huko kwao, hatumjui jina wala ugonjwa, nivae nguo yake niingie nayo kwa watoto wachanga? Nguo ya maiti sivai, Babu, hata ukinifunga kamba. Imakulata amechukua zote mbili, anazilalia. Anasema maiti wa Ulaya walikuwa Wakristo kama yeye, watasikilizana.

Hata kama ningekubali, ni nene. Imakulata alijaribu moja chini ya gauni, vifungo viwili vikaruka, kimoja kikampata Matroni.

Magazeti nilijaribu. Nilipoinama kumpa mgonjwa uji, tumbo likalia kwara kwara. Mgonjwa akapiga kelele, “Panya! Panya kitandani!” Wakageuza godoro. Mimi nimesimama kimya, siinami, sipumui, na karatasi zimeandikwa habari za bei ya pamba.

Baridi imezidi. Vidole vimekufa ganzi mpaka napima joto la mgonjwa nasahau kama nimeshika kipimo. Matroni ameniambia kwa upole, mkunga asiyekuwa na mikono hana kitu. Ameniandika jina pembeni.

Sikutanii, Babu. Nauli. Narudi kabla sijafukuzwa, ni heshima kidogo.

Mwamvita

*

Tabora
6 Julai 1954

Kwako mke wangu, mfuga panya,

Barua yako ilinifanya nicheke, kisha haikunichekesha. Mambo mawili hayo yalifuatana upesi, Bibi yako akaniuliza kama nimemeza mfupa.

Haya. Hutaki ya maiti, hutaki nene, hutaki inayolia. Kumbe nimeoa sultani. Lakini mume ni mume. Humo ndani ya kifurushi utakuta vipande vitatu vya bafta nyeupe, nyembamba, laini kama sikio la mtoto wa mbuzi. Imekaa sandukuni miaka tisa. Imeloweshwa maji mazuri kuliko ya kisima chetu. Hakuna aliyewahi kuivaa. Hakuna maiti aliyewahi kuigusa, wa Ulaya wala wa Unyamwezi, naapa kwa meno yangu yote manne.

Ikate, ushone fulana tatu. Ya kwanza ikukae mwilini, ya pili iizidi ya kwanza kwa upana wa kidole, ya tatu iizidi ya pili vivyo hivyo, mpaka chini ya kiuno. Usiibane. Zikibanana hewa itakaa wapi, mfukoni mwa Matroni?

Ina harufu kidogo ya kafuri. Ni dawa ya nondo.

Na neno moja. Ukimwandikia Bibi yako, usitaje bafta. Unamjua. Ukimpa mke mmoja kitambaa, mwingine anataka mbili.

Nauli sijaisikia bado. Leo sikio la kushoto limeziba kabisa.

Mumeo,
Nassibu bin Lugembe

*

Njombe
16 Julai 1954

Babu mume wangu, mfalme wa waume,

Shikamoo mara tatu, kwa kila fulana moja!

Nilizishona kwa mkono siku mbili. Kitambaa hakikuwa na pindo upande wowote, kimekatwa tu kama kilivyotoka kwenye jora, ikabidi nipige pindo mwenyewe pande zote. Lakini Babu! Nimevaa zote tatu na gauni limefunga mpaka kifungo cha juu, Matroni kanitazama toka kichwani mpaka miguuni, hakuona kitu. Saa nne asubuhi vidole vyangu vilikuwa vyekundu, vya moto. Nilikuwa sijajua kwamba joto la tumboni hushuka mpaka vidoleni. Wewe ulijua?

Yule mama wa chura amenikabidhi mtoto wake nimwoshe. Akanishika mkono kwanza, akaupima kama anayenunua nyanya, akasema haya.

Matroni amelifuta jina langu pembeni. Nimeliona mwenyewe limefutwa.

Imakulata ananionea wivu. Usiku ana sweta zake, lakini wodini anatetemeka mpaka kofia inamshuka machoni. Kwao hawajamtumia kitu. Wanangoja tumbaku iuzwe.

Harufu ya kafuri nimeizoea, hata naipenda. Nikilala nazo naota niko mahali pasafi sana.

Mwambie Baba asitafute nauli. Mtihani nautaka.

Mkeo mwenye mikono ya mtu,
Mwamvita

*

Tabora
18 Julai 1954

Kwa mjukuu wangu Mwamvita,

Anayesema ni mimi Mwanne binti Salumu. Anayeandika ni Apolinaria wa Katekista Dionis, nimemwambia asipunguze neno, hata baya.

Mjukuu wangu, Babu yako ana mambo. Tangu Jumatatu anakohoa, kifua kinamlia, akilala anakohoa, akiamka anakohoa. Nikamwambia nikuitie mganga wa serikali, akasema mganga akija atamwuliza umri naye hataki kusema uongo mbele ya watu. Basi mimi nikajiandaa, maana mtu mzima hujiandaa. Nikafungua sanduku niianike sanda yake juani. Ile bafta aliyoletewa na Haji Abbasi wa sokoni kutoka Makka, nguo tatu za mwanamume, zilizoloweshwa maji ya Zamzam, tukaziwekea kafuri na udi. Mwaka wa tisa huu, kila kiangazi naianika mimi kwa mikono yangu.

Sanduku tupu.

Nikamwuliza, baba, sanda yako iko wapi? Akasema iko kazini. Nikamwuliza, kazi gani sanda inafanya na mwenyewe hajafa? Akapiga mluzi. Mzee wa miaka sabini na zaidi, anapiga mluzi!

Sasa mimi namjua mwanamume. Kuna mjane huko Itetemia, mumewe alifariki mwezi wa Rajabu, na Babu yako amemshonea viatu viwili kwa malipo ya kimoja. Mwanamume anaweza kugawa asali, anaweza kugawa nyama ya Idi, nitanyamaza. Lakini agawe sanda! Afe leo nimfunge na nini, na kanga yangu yenye maua?

Wewe ndiwe anayekuandikia. Amekuambia kitu? Niambie kweli, mke mwenzangu, nimekuwa sili.

Mwanne

Dada Mwamvita, hapa ni mimi Apolinaria. Bibi alinikataza nisiandike, lakini alipofika kwenye habari ya kukohoa alilia kidogo.

*

Njombe
27 Julai 1954

Babu,

Shikamoo.

Bibi ameniandikia. Nimezivua.

Nimekaa kitandani zikiwa mapajani nazitazama. Nimezikata kwa mkasi, Babu. Nimezipiga pindo. Nimezivaa wodini, nimezitokea jasho, nimezifua kwa sabuni ya hospitali na kuzianika kwenye ua pamoja na soksi. Nilikuambia wazi nguo ya maiti sivai, ukaapa, na hapo ulikuwa unanivisha kaburi lako mwenyewe. Ulicheka wakati unaapa? Nadhani ulicheka.

Na sasa unaumwa kifua. Kama Mungu amekuja kuangalia sanduku akalikuta tupu, akadhani umejiweka tayari? Usinicheke. Kwenye wodi nimeona watu wanaondoka kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Nimefumua mishono yote. Nitazileta mwenyewe, niziweke sandukuni kwa mkono wangu, Bibi aone, halafu nikae nikuuguze. Matroni anasema ruhusa si kabla ya Idi ya kuchinja. Nitapanda basi la Jumatano, tarehe kumi na moja Agosti. Ndiyo, najua mtihani ni Jumatatu inayofuata. Amenikumbusha mara mbili.

Bibi sijamjibu. Nimeona aibu. Mwambie si mjane wa Itetemia.

Mwamvita

*

SIMU YA MAANDISHI
Kutoka Tabora, 5 Agosti 1954

USIPANDE BASI. NAPUMUA. NGOJA BARUA. BABU

*

Tabora
5 Agosti 1954

Kwako Mwamvita, mke wangu mdogo,

Karani wa simu ameniuliza kama neno “napumua” ni la lazima. Nikamwambia kijana, hilo ndilo la lazima kuliko yote.

Kwanza kifua. Nilijaribu tumbaku mpya ya Goweko. Mwambie Imakulata watu wa kwao walitaka kuniua. Nimeiacha, kikohozi nacho kimeniacha, jana nimekula ugali na kisamvu nikaomba tena. Bibi yako anaweza kushuhudia, alininyima.

Pili, Bibi yako. Barua yako ilipofika nilimwita, nikamsomea yote, hata pale penye kaburi. Halafu akasema, “Kwa hiyo mjane wa Itetemia hakupewa?” Nikasema hakupewa. “Hata kipande?” Hata uzi. Akafunga kanga vizuri, akaenda jikoni, nikamsikia anacheka peke yake kama kuku aliyetaga. Leo amempelekea yule mjane bakuli la asali, na mjane mwenyewe hajui amekosa nini wala amesamehewa nini.

Tatu, nilikwenda kwa Shehe Mabruki wa msikiti wetu. Nikamwuliza kwa kuzunguka: Shehe, mtu akivaa sanda ya mwenzake kabla mwenzake hajaivaa, hukumu yake nini? Akanitazama, maana ananijua toka zamani, akasema, “Nassibu, umefanya nini tena?” Nikamweleza. Akasema kitambaa ni kitambaa mpaka alazwe maiti ndani yake, na aliye hai ndiye mwenye haja zaidi. Akasema tena kwamba mimi naweza kuzikwa kwa bafta yoyote safi, madukani zimejaa. Basi Munkari na Nakiri wakija kuniuliza kaburini sanda ya Makka iko wapi, nitawajibu iko wodini Njombe, ina zamu.

Hayo yote ungeweza kuyasikia ukaendelea kufunga mzigo. Kwa hiyo nakuambia la nne, ambalo hata Bibi yako hakulijua mpaka juzi, nami nimeishi naye miaka arobaini.

Nilikuandikia kwamba baridi niliisoma Ugogo. Uongo. Ugogo nilifundishwa herufi tu. Baridi niliisoma huko huko uliko.

Mwaka ule wa vita, Wajerumani walipoikimbia Tabora, walitubebesha sisi masanduku ya risasi kuelekea kusini. Hatukuulizwa. Tukatembea mpaka tukapanda vilima hivyo, na mvua za Novemba zikatukuta juu. Kambi yetu tulikuwa watu sita, chungu kimoja, moto mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wao. Blanketi tulikuwa nazo tatu, watu wawili kwa blanketi moja, na kila mmoja nguo zake za mwilini.

Mwenzetu Kasonta alikufa mchana kwa homa. Kasonta alinifundisha kubeba, alinifundisha kuimba chini ya mzigo, alikuwa kama kaka. Nawe unajua desturi yetu wapagazi, au hujui, basi jua: mtu akifia njiani anavishwa nguo nzuri kuliko zote zilizomo kambini, ili mama yake akisikia asione haya kwamba mwanawe alitupwa kama mbwa. Hiyo ni heshima, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa kambi. Nikasema avishwe blanketi mbili na shuka yangu.

Alikuwepo mmoja anaitwa Anton, wa misheni ya Ndala. Mtu mzima, ana mke, ana ndevu nyingi kuliko mimi. Akaniambia, “Kaka Nassibu, mpe moja. Nyingine waachie walio hai.” Alisema taratibu tu, bila ubishi. Nami nikamfokea mbele ya watu. Nikamwambia wewe Mkristo hujui heshima ya maiti. Akashika jembe, akachimba pamoja nasi. Mvua inanyesha. Tukamzika Kasonta vizuri sana, Mwamvita. Sijaona mpagazi aliyezikwa vizuri vile.

Jioni tukabaki watano na blanketi moja. Wagonjwa wawili tukawapa hiyo. Usiku mvua ikakatika, baridi ikazidi. Anton akalala upande wa upepo, hakuna aliyemwambia alale huko.

Asubuhi hakuamka.

Tukamzika Anton kwa majani. Hakukuwa na kitu kingine. Ndevu zake zilikuwa na ule unga mweupe uliouonja wewe. Nami mpaka leo nikifikiri habari ile sioni neno lingine: nilimvisha Kasonta joto la Anton, na Kasonta hakulihitaji.

Haji Abbasi aliponiletea sanda nilishukuru kwa mdomo. Bibi yako akawa anaianika kila kiangazi, amefurahi, naye kila akiitandaza juani mimi nakwenda sokoni kutafuta watu wa kuwatania. Wewe ulifikiri mimi ni mcheshi bure bure?

Basi uliponiandikia vidole vimekufa ganzi, na uko vilima vile vile, sikuchukua hata siku nzima. Nilingoja Bibi yako aende kisimani. Kweli niliapa huku nacheka, umekisia sawa. Lakini sikukucheka wewe. Nilikuwa nimefurahi, kwa sababu kwa mara ya kwanza toka mwaka ule niliona namna ya kumjibu Anton.

Sikuamuru. Mume akiomba ujue ameshindwa, na mimi naomba. Zishone tena, zivae, kaa, ufanye mtihani. Ukizirudisha sandukuni, utakuwa umenirudisha kwenye kaburi la Kasonta, nasimama na jembe, namfokea mwenye haki.

Mimi,
Nassibu bin Lugembe

Bibi yako anasema niongeze: ukija nazo hapa atakufukuza nazo. Anasema yeye sanda za wanawake ni nguo tano, na kama Babu yako akizigusa zake atamfunga yeye akiwa hai.

*

Njombe
21 Agosti 1954

Babu mume wangu,

Shikamoo. Bibi naye shikamoo, nimpigie magoti.

Simu ilikwama posta, ikanifikia Jumatano yenyewe, mzigo umefungwa, uko mlangoni. Niliifungua nikiwa nimevaa viatu vya safari. Nikakaa juu ya mzigo. Basi nililisikia likipiga honi kule njia panda, likaondoka. Barua yako ikaja Ijumaa. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, kwa Imakulata, maana aliniona nalia akadhani umefariki.

Nilipofika kwa Anton, Imakulata aliniomba nisimame kidogo. Akauliza kama Ndala alikobakia mke wake kuna mtu aliyepeleka habari. Tafadhali mwandikie, atafurahi, au mwandikie kwamba hapana.

Jumamosi tulishona upya, yeye upande mmoja na mimi mwingine. Jumapili alikuwa na zamu ya asubuhi na sakitu ilikuwa nene mpaka mti wa pichisi ulionekana kama umechanua. Alikuwa anafunga aproni na vidole havimtii. Mtihani wake ulikuwa kesho yake kama wangu.

Jumatatu tuliitwa mmoja mmoja mbele ya Matroni na daktari mgeni. Nilipewa mtoto wa siku mbili nimwoshe na kumvalisha. Mikono yangu haikuwa ya moto sana kama Julai. Niliisugua kwanza, nikaipima shavuni mwangu, nikaona itafaa. Mtoto alilia kidogo tu, kilio cha kawaida cha mtoto anayeoshwa.

Leo asubuhi Matroni ametusomea majina. Langu limo. La Imakulata limo.

Sasa nikuambie, maana ni zako na huwezi kujua kwa mtu mwingine. Ninavaa mbili, Babu. Ya tatu nimempa Imakulata ile Jumapili. Nilimwambia kabisa ni sanda ya nani. Akaishika, akafanya ishara ya msalaba, akaivaa.

Huku baridi haijapungua hata kidogo, lakini sasa tunatetemeka sawasawa.

Mkeo,
Mwamvita